Chupa ya meno kwenye bariyeri

Wasikilizaji wetu, wiki iliyopita kwenye kipindi cha afya nilisema kwamba siku moja nilikamatwa na meno ya watu ndani ya mfuko. Simu zililia mpaka muda wa hewani ukaisha. Basi nawaandikia habari yote hapa, na ninyi mlio kwenye makambi ya wahami mkimpata mwenye simu awasomee.

Mdogo wangu anasoma udaktari wa meno ng'ambo ya mpaka, Uganda. Mwaka wake wa tatu alinipigia: «Yaya, nitafutie meno.» Nilidhani ananitania. Kumbe kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kutibu mzizi wa jino la mtu aliye hai, anajizoeza kwanza kwenye meno yaliyong'olewa, na kwao kila mwanafunzi alijitafutia yake. Kule mjini wote walikuwa wanagombania vituo vilevile. «Kwetu Beni,» akasema, «meno yanang'olewa kila siku.»

Hapo alisema ukweli. Kwetu mtu anakuja na jino ambalo halijamwacha alale wiki mbili, anapigwa ganzi, linang'olewa, anarudi nyumbani na pamba mdomoni. Siwalaumu wauguzi. Kung'oa ni koleo na dakika chache. Kutibu mzizi kunataka saa nzima, mara nyingine safari mbili au tatu, kunataka umeme, picha ya radio (siyo hii radio yetu, ni ile inayoonyesha mifupa), na zaidi ya yote mkono uliofundishwa. Mama yangu alipoteza meno manne katika miaka miwili ya kuhamahama. Moja lilikuwa na tundu dogo tu.

Basi nikaenda kwenye kituo kimoja cha afya. Nilieleza mara tatu ndipo muuguzi akanielewa, akanipa chupa ya mayonezi yenye meno ishirini na kitu, yakielea ndani ya maji ya javeli. Akaniambia nisimtaje. Sikumuuliza kama wenye meno walikuwa wameambiwa, wala yeye hakusema.

Kwenye njia ya Kasindi kulikuwa na bariyeri. Mwanajeshi akafungua mfuko wangu, akainua chupa kwenye jua.

«Hii ni nini?»

«Meno, shefu.»

«Meno ya nani?»

Jibu sikuwa nalo. Abiria wakashuka kuangalia. Mama mmoja akasema kwa sauti kwamba hawa ndio wanaouza viungo vya watu. Mnajua wenyewe mambo tuliyoona katika eneo letu, namna watu walivyookotwa mashambani. Swali lile halikuwa la mchezo, na yule mwanajeshi nisingemlaumu hata leo. Nilionyesha kadi ya kazi, ikazidisha mashaka. Nilikaa chini ya mti karibu saa tatu, mpaka nikalazimika kumpigia yule muuguzi aliyeniomba nisimtaje. Aliongea nao, wakaniachia. Chupa ilimwagwa ndani ya shimo la choo. Mdogo wangu alifanya zoezi lake kwa meno sita ya kuazima, na muuguzi hajawahi kunisalimia tena.

Sasa, likizo hii amekuja nyumbani na kisanduku kidogo. Ndani mna meno kumi, rangi ya maziwa yaliyochacha, na yote ni jino lilelile: gego la kwanza la juu. Hayakutoka kinywani mwa mtu yeyote. Alinieleza hivi. Jino moja la kweli linapigwa skana, linaonekana nje na ndani, hata vijifereji vyembamba vya mzizi ambamo mshipa unapita. Picha hiyo inaingia kwenye kompyuta. Kisha mashine inalijenga jino kwa plastiki ya majimaji inayogandishwa na mwanga, safu juu ya safu, kila safu nyembamba kama unywele. Jino moja likishapigwa picha, unaweza kutoa mia.

Alinipa nijaribu pale mezani. Kuna visindano vya chuma vyenye vishikio vya rangi: nyeupe ni namba 15, maana ncha yake ni milimita 0,15, njano ni 20, nyekundu ni 25. Unaanza na kile chembamba, unasafisha mfereji mpaka karibu na ncha ya mzizi, usipite. Mimi nilisukuma kama mtu anayefungua kufuli, chuma kikatokea ubavuni mwa mzizi.

«Umemtoboa mgonjwa,» mdogo wangu akasema. «Chukua lingine.»

Nilicheka, lakini neno hilo nimelifikiri sana. Zamani mwanafunzi akiharibu jino alilolitafuta mwezi mzima, basi, limekwisha. Tena kila mmoja alikuwa na jino la namna yake, huyu rahisi, yule lenye mzizi uliopinda. Sasa darasa zima linapewa lilelile, na mwalimu anajua mapema mifereji iko mingapi. Gego hili lina mizizi mitatu kwa kawaida, lakini mara nyingi mna mfereji wa nne uliojificha. Ukiachwa mchafu, maumivu yanarudi, na mgonjwa anasema dawa za wazungu hazifai.

Si kwamba kila kitu kimepona. Mdogo wangu anasema plastiki ni laini kuliko jino, mkono unadanganyika, kwa hiyo meno ya kweli bado yanahitajika mwishoni. Haitoi damu, haikurupuki, haikosi ganzi. Na kisanduku hiki hakileti kiti cha meno wala umeme kambini. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2022 kwamba watu kama miliari 3,5 duniani wana magonjwa ya kinywa. Sisi tumo humo, na wengi wetu bado tutakutana na koleo.

Ila ombi moja kwa wauguzi: mkitaka kumpa mwanafunzi jino la mtu, mwulizeni mwenyewe kwanza, mwandike kwenye karatasi. Mama yangu nilipomweleza alisema angekubali yake yote manne, kama mtu angemwuliza.

Alhamisi jioni mdogo wangu atakuwa studio nami, na kisanduku kitakuwa mezani kwa yeyote anayetaka kuja kushika. Leteni maswali. Msilete meno yanayouma, bado hajamaliza masomo.