Dakika Ngapi Mbarara?

Mjomba wangu huendesha gari la abiria kati ya Kampala na Kabale, mwendo wa kilomita 410 hivi. Alipopata habari za motokaa za umeme hakuuliza bei. Aliuliza, "Abiria wangu watangoja Mbarara dakika ngapi?" Ni swali la mtu anayejua kazi yake, maana abiria akichoka kungoja hushuka akapanda gari la mwingine, na nauli imekwenda.

Hapa bwenini wenzangu hupenda kusifu namba: mashine fulani hutoa kilowati 350! Ni kweli zipo. Lakini mashine hutoa tu kile ambacho gari laweza kupokea, na gari halipokei sawasawa tangu mwanzo hata mwisho. Watengenezaji wa Hyundai Ioniq 5 husema kwamba kwa mashine ya namna hiyo betri hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 hivi. Ile 20 iliyobaki mara nyingi huchukua muda kama huo au zaidi. Sababu ni betri yenyewe. Ikiwa karibu kujaa, ukiusukuma umeme kwa nguvu, madini ya lithiamu hugandama ndani yake na kuiharibu. Kwa hiyo gari lenyewe hupunguza kasi. Kila kondakta aelewa jambo hili: abiria kumi wa kwanza huketi mara moja, bali wa mwisho ni kusogezana na kubebana mizigo.

Basi nilimfanyia mjomba hesabu kwa uniti, zile zile tununuazo nyumbani. Tuseme gari latumia uniti 20 kwa kilomita 100, na betri yake ni ya uniti 75. Kutoka Kampala hadi Mbarara ni kilomita 270 hivi. Zitatumika uniti 54, zibaki 21. Toka hapo hadi Kabale ni kilomita 140, nazo ni za kupanda milima, kwa hiyo lazima awe na uniti 40 na kitu. Haja yake, basi, ni kuongeza 25 tu, wala si kujaza betri. Kwa kilowati 7, kama za nyumbani, hizo ni saa tatu na nusu. Kwa kilowati 50 ni nusu saa, nayo yatosha watu kula na kwenda msalani. Kwa kilowati 150, dakika 10, hata chai haijapoa.

Huko Norwei, ambako mwaka 2024 karibu motokaa 9 katika kila 10 mpya zilizouzwa zilikuwa za umeme, adui ni baridi. Betri iliyopoa hupokea umeme polepole sana, hata magari mengi mapya huipasha moto njiani kabla ya kufika kwenye mashine. Kabale kuna baridi, lakini si ya kadiri hiyo.

Mimi naogopa zaidi foleni. Ikiwa Mbarara ina mashine moja, na mbele yako yuko bwana aliyeapa kufikisha 100, ile nusu saa yangu haina maana. Kwa hiyo, ningeulizwa, ningetaka mashine nne za kilowati 50 kabla ya moja ya 350. Moja ikiharibika, na zitaharibika, tatu zitakuwa zinafanya kazi.