Kutafuta Kipande Portland Place

Kwa sheria ya Kenya mtu hapewi kitambulisho, yaani kipande, hadi atimize miaka 18. Mimi niliondoka Mombasa nikiwa na 16, nimeandikwa kwenye karatasi za mama, na kwa miaka mingi jambo hilo halikuninyima usingizi. Huku Leeds nilikuwa na leseni ya udereva, kadi ya benki na namba ya kodi. Kisha pasipoti yangu ya utotoni ikaisha muda. Mtu mzima akiomba pasipoti ya Kenya huulizwa kwanza kitambulisho, nami sikuwahi kuwa nacho. Serikali ya kwetu ilikuwa bado inanijua kama mtoto.

Barua haitoshi kwa shughuli hii, maana vidole havitumwi kwa posta. Lazima ufike mwenyewe ubalozini. Nami London sikuwa nimeikanyaga kamwe. Tulipohamia tulishukia uwanja wa ndege wa Manchester na kuelekea Leeds moja kwa moja. Basi, mama akanipa bahasha ya khaki ambayo ameitunza kama dhahabu ya harusi: cheti changu cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vyao yeye na baba, pasipoti ile kuukuu, na picha. Nikapanda basi la usiku, nikaamkia kituo cha Victoria shingo imekakamaa.

Sina mengi ya kusema kuhusu treni ya chini ya ardhi ila kwamba ni safari fupi kuliko watu wanavyotishana: kutoka Victoria hadi Oxford Circus ni vituo viwili tu. Ukitoka hapo unapanda Regent Street kuelekea kaskazini, unapita kanisa lenye mnara uliochongoka, halafu ghafla unakutana na jumba la BBC. Nilisimama. Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakukosa taarifa ya habari ya Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza kutangaza mwaka 1957, na kila tulipopiga kelele alitunyamazisha kwa kusema London inaongea. Idhaa enzi zake ilikuwa Bush House, si jumba hili, lakini nilimsalimia hata hivyo.

Portland Place ni barabara pana yenye balozi na ofisi za wakubwa. Ubalozi wa Kenya uko namba 45. Majirani zake ni Wachina, na ng'ambo ya ubalozi wao waliketi waandamanaji wachache, wametandika mabango yao chini, kimya kabisa. Bendera yetu ilikuwa imelowa mvua. Ndani, Kiswahili cha Nairobi, picha ya Rais ukutani, na watu wenye bahasha kama yangu.

Kando yangu alikaa mama mmoja na mwanawe, kijana aliyezaliwa Uingereza kwa baba mgeni. Mama huyo alikuwa anajua Katiba kuliko mawakili wengi. Akanieleza kwamba chini ya katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa nje alipata uraia kupitia kwa baba tu. Mama Mkenya hakuwa na cha kumrithisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, ndiyo iliyosema baba au mama, popote mtoto alipozaliwa, na kifungu cha 16 kikaruhusu uraia wa nchi mbili. “Huyu ni wangu kisheria,” alisema akimgonga kijana begani, naye kijana akatabasamu bila kuelewa Kiswahili chote.

Fomu ndiyo iliyotutoa jasho. Jina, tarehe, wazazi, hayo mepesi. Halafu inakuja wilaya, tarafa, kata, kata ndogo, kabila. Kijana wa watu aliyekulia kwenye mtaa wenye namba za nyumba na msimbo wa posta anaulizwa chifu wake! Mama yake akaanza kumtajia kijiji cha babu yake, herufi kwa herufi. Mimi nikatoka nje kumpigia simu shangazi aliye Kibokoni, Mombasa.

“Shangazi, asalaam aleikum. Kata yetu ndogo yaitwaje kwenye karatasi za serikali?”

“Aleikumu salaam. Kwani umepotea, mwanangu?”

“La, nipo London, najaza fomu ya kipande.”

“Uko London wauliza chifu wa huku?” Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaenda kutafuta kitambulisho chake, maana kadi zile za zamani zimeandikwa hayo yote kwa nyuma, akanisomea taratibu.

Shangazi ana haki ya kucheka. Watu wa Pwani na karatasi za serikali ni hadithi ndefu. Sheria ya kwanza ya vipande ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza: mwanamume Mwafrika alivaa shingoni kikopo cha bati chenye alama za vidole vyake na rekodi ya kazi zake, na kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyompandisha mwanaharakati Harry Thuku jukwaani kabla hajakamatwa Machi 1922. Waswahili wa Mombasa nao walivutana na wakoloni kwa miaka kuhusu kama wahesabiwe wenyeji au la. Wanawake hawakuandikishwa mpaka sheria ilipobadilishwa 1978. Na baada ya uhuru, vijana wengi wa Pwani na wa kaskazini, hasa wenye majina ya Kiislamu kama letu, wamepigwa msasa mbele ya kamati, wakitakiwa kuleta karatasi za babu na bibi, huku wenzao wa bara wakipita. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini Wajir tamko la kuondoa msasa huo wa ziada kwa kaunti za mipakani. Kwangu mimi lilichelewa kwa vizazi.

Afisa aliyenipokea alikuwa dada mpole. Alishika kidole kimoja kimoja, akakibingirisha kwenye wino kutoka ukingo wa kucha hadi ukingo wa pili. Kazi yangu ni jikoni hotelini. Sabuni kali zimekula ngozi, na kidole gumba cha kulia kilitoka doa tupu. Akakifuta kwa spiriti, akarudia. “Wafanyakazi wa jikoni na wa usafi wote wako hivi,” alisema. Nikakumbuka kuta za ofisi ya chifu kwetu, zilivyojaa madoa meusi ya vijana waliojipangusa wakitoka. Hapa kulikuwa na karatasi ya kufutia mikono, nami sikuthubutu kugusa ukuta.

Maombi huenda Nairobi, kadi huchapishwa huko, kisha hurudi. Subira inahitajika. Ila foleni haikuwa kitu. Kazi kubwa ilikuwa kupata watu wa kuthibitisha kwamba nyumba fulani Mombasa inanijua.

Kwa hiyo wewe mzazi uliye ughaibuni, usingoje mwanao afike 18. Tafuta cheti chake cha kuzaliwa sasa, piga nakala ya vitambulisho vya wazazi wako wangali hai, na uandike mahali jina la kata ndogo yenu.