Sawa Uwe DJ, Lakini Utarudi Saa Ngapi?

Wewe ambaye mwenzi wako ni prodyuza unaijua raha yake: yupo nyumbani. Macho mekundu, chai imepoa, biti moja inarudiwa mara arobaini, lakini yupo. Ndiyo maana nilipomwambia mama watoto kwamba nataka kuingia kwenye uDJ, hakuanza na bei ya mashine. Aliniuliza, "Baba, utakuwa unarudi saa ngapi?"

Swali zito hilo, jamani.

Mchana mimi ni mhariri, usiku natengeneza biti kwenye FL Studio, hapa hapa Ubaruku. Mpunga ukishavunwa na magunia yakiuzwa, ni sherehe juu ya sherehe: sendofu, kipaimara, harusi. Biti nauza moja kwa mwezi, tena kwa mkopo. DJ anaondoka na chake usiku uleule. Hesabu hiyo aliielewa haraka, ila pesa ya kuanzia ilikuwa ya magunia yetu, na yeye alishaipangia bati.

Njia yenyewe si ngeni. Kule Mburahati, Dar es Salaam, vijana wa Sisso Studios, ambao singeli yao ilikusanywa kwenye albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017, wanatengeneza muziki na kuupiga wao wenyewe, laptopu ikiwa ndiyo chombo kikuu. Nikasema basi, sihitaji kuuza nyumba.

Kwanza nilifanya mazoezi na Virtual DJ, kwenye laptopu ile ile ya studio, bila kununua kitu. Sikio la prodyuza linasaidia: kuhesabu mapigo na kujua wimbo unabadilika wapi, hilo tayari unalo. Kinachosumbua ni kiburi. Unataka watu wasikie biti zako, wao wanataka nyimbo wanazozijua. Na mama mzaa chema akishaanza kucheza na zawadi kichwani, hakuna kitufe cha kurudi nyuma urekebishe.

Kwenye vifaa, mimi naangalia kontrola ya chaneli mbili yenye kadi ya sauti ndani yake. Hiyo ndiyo inakuwezesha kusikiliza wimbo unaofuata kwenye hedfoni wakati ukumbi unacheza mwingine. Pioneer DDJ-200 ya mwaka 2019 ni nafuu, lakini kadi hiyo haina, utahangaika na waya wa kugawa sauti. DDJ-400 ya mwaka 2018 inayo, na inavuta umeme kutoka kwenye laptopu. Haihitaji adapta yake, jambo la maana ukiwa unategemea jenereta la kukodi. Imeshaacha kutengenezwa, DDJ-FLX4 ikachukua nafasi yake, kwa hiyo niliitafuta ya mtumba. Zile CDJ kubwa waachie wenye kumbi zao.

Tukakubaliana hivi: sherehe mbili kwa mwezi, baa hapana, spika tunakodi, na malipo ya kwanza yote yanarudi kwenye bati. Akaongeza sharti la mwisho, kwamba simu yangu iwe hewani usiku kucha.

Sherehe ya kwanza alikuja mwenyewe, akakaa meza ya karibu kabisa na mashine. Mpaka leo hajaniambia alikuja kusikiliza muziki au kuangalia ni nani anakuja kuomba wimbo.