Vita vya Jirani: Twende au Tukae?

Kila Goma inapotajwa kwenye taarifa ya habari, kijiwe chetu hugawanyika mara mbili. Wa kwanza wanasema, vijana wetu wana kazi gani huko wakati zahanati za hapa hazina dawa? Wa pili wanajibu kwamba nyumba ya jirani ikiungua huwezi kulala, moshi utakufuata kitandani. Hoja zote mbili zina uzito, ndiyo maana mabishano hayaishi mpaka mwenye kahawa afunge virago vyake. Leo naomba nichukue upande. Mwandishi wa habari naye ni raia jamani!

Msimamo wangu ni huu: kuna wakati nchi inapaswa kupeleka jeshi nje ya mipaka yake. Lakini isiende kabla raia hawajaambiwa tunakwenda kufanya nini, tutajuaje kuwa kazi imekwisha, na bili atalipa nani.

Tuanzie Mto Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na siku chache baadaye Amin akatangaza kuwa ardhi yote mpaka mtoni ni ya Uganda. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiishi upande wa Kyaka. Alikimbilia Muleba na watoto wanne, mmoja mgongoni. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa, akasema sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Maneno hayo anayajua hata aliyezaliwa juzi. Siku hizi tunayatumia kwenye mpira na kwenye kampeni, tukasahau kuwa ni mtihani mzuri sana kwa nchi yoyote inayotaka kwenda vitani.

Kumtoa mvamizi nyumbani kwako hakuna ubishi. Ubishi unaanza pale adui alipokwisha kurudishwa kwao. Mwanzoni mwa 1979 tungeweza kusimama Mutukula. Hatukusimama. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa jeshi letu na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni. Julai ya mwaka huo, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kule Monrovia, wapo viongozi waliotushutumu kwa kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Lakini umoja huohuo ulikuwa umemkalia Amin kimya wakati anawaua raia wake, tena ulimpa hata uenyekiti mwaka 1975! Kwa hilo, nasimama na Mwalimu.

Sasa tuangalie kilichofuata. Yusuf Lule alikaa madarakani siku 68. Godfrey Binaisa hakumaliza mwaka. Uchaguzi wa Desemba 1980 ukamrudisha Milton Obote huku wapinzani wakilalamika kuibiwa kura, na Februari 1981 Yoweri Museveni akaingia msituni. Wanajeshi wetu walikuwa bado huko, wakaondoka mwaka huo wa 1981. Kumwangusha dikteta kulichukua miezi. Kuipatia Uganda amani kulikataa kabisa kufuata ratiba yetu.

Na bili? Vita vile vinakadiriwa kutugharimu dola milioni 500, wakati bei ya mafuta duniani inapanda na ya kahawa yetu inashuka. Mwalimu aliomba tufunge mikanda kwa miezi 18. Bibi hucheka akiikumbuka miezi hiyo, maana anasema mpaka leo hajaambiwa iliisha lini. Foleni ya sabuni anaikumbuka kuliko milio ya mizinga. Hata hivyo kuna jambo naliheshimu: wananchi waliambiwa kwa sauti, mapema, kwamba hili litatuuma.

Wale wanaosema tukae tu nyumbani, nawaomba warudi kwenye mto huohuo mwaka 1994. Mkataba wa amani wa Rwanda ulisainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993. Mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili iliyofuata, Umoja wa Mataifa ulikuwa na askari kama 2,500 nchini humo. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua wapunguzwe mpaka 270. Ndiyo, wapunguzwe! Siku chache baadaye watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama saa 24. Maiti zikasafiri na maji ya Kagera mpaka Ziwa Viktoria, na kwa bibi samaki hawakuliwa kwa miezi mingi. Kwa hiyo kutokwenda nako ni uamuzi, na nako kuna wanaoulipia.

Tumekwenda kwingine pia. Machi 2008 wanajeshi wetu walikwenda Anjouan chini ya mwavuli wa Umoja wa Afrika. Serikali ya Comoro yenyewe iliomba msaada, kazi ilikuwa moja, kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, na ndani ya muda mfupi alikuwa amekimbilia Mayotte. Unaweza kubishana kama mazungumzo yalikuwa yamefika mwisho, ila huwezi kusema hukuelewa tulifuata nini.

Kongo ni habari nyingine. Mwaka 2013 azimio namba 2098 la Umoja wa Mataifa lilianzisha brigedi ya mashambulizi yenye wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Mtanzania. Novemba mwaka huo M23 wakashindwa, tukashangilia. Mwishoni mwa 2021 wakaibuka tena, na Januari 2025 wakaichukua Goma wakati jeshi la SADC, likiwemo letu, likiwa hukohuko. Machi 2025 SADC ikaamua kulifunga jukumu lile. Katikati ya miaka hiyo kuna usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya Semuliki iliposhambuliwa na wenzetu wasiopungua 14 wakauawa.

Je, familia zile ziliwahi kuelezwa ushindi wa Kongo ungekuwa na sura gani? Ibara ya 44 ya Katiba yetu inasema Rais akitangaza hali ya vita, Bunge liitishwe ndani ya siku 14 lijadili kuunga mkono au la. Lakini haya majukumu ya SADC na Umoja wa Mataifa hayatangazwi kama vita. Hivyo vijana wanaweza kufa vitani bila nchi kuwa vitani.

Wenzetu Wakenya waliingia Somalia Oktoba 2011. Katiba yao ya 2010 inataka idhini ya Bunge kabla ya jeshi kupelekwa nje kulinda amani. Hata hivyo kambi yao ya El Adde ilipovamiwa tarehe 15 Januari 2016, serikali haikutoa idadi ya waliokufa. Sheria nzuri peke yake haitoshi basi. Lazima wawepo watu wa kuuliza.

Najua nitaambiwa mambo ya jeshi ni siri. Sawa, siri ya njia watakayopita askari, idadi ya silaha na saa ya kushambulia ibaki kuwa siri. Lakini lengo la vita, gharama yake na majina ya waliokufa si siri za adui. Adui anayajua tayari. Asiyejua ni mama wa yule kijana, pamoja na mimi na wewe tunaolipa kodi.

Kwa hiyo siku nyingine jirani akiungua, mimi nitasema twende. Ila kabla lori la kwanza halijatoka kambini, mtu asimame mbele ya Bunge atutajie sababu, nia na uwezo, kisha atuambie tunarudi lini.

Naomba kuwasilisha.