Kumeza Kidonge si Kumkana Mungu

Wiki hii sina mshono mpya wa kitenge, waliokuwa wanausubiri wanisamehe. Nimerudi kisiwani juzi kutoka Tabora na kuna jambo limenikaa kooni.

Mdogo wangu anaishi Tabora mjini. Mwaka jana alijifungua mtoto akiwa ameshafariki. Tangu hapo hakulala vizuri, chakula hakikupita, na akisikia kichanga cha jirani kinalia moyo unamwenda mbio na mikono inalowa jasho. Hospitali wakasema ni sonona, wakampa vidonge na siku za kuonana na mshauri. Kisha kiongozi wa kikundi chake cha maombi akamwambia vidonge ni imani haba, avitupe. Akanipigia: "Dada, nichague kipi?" Nikapanda boti, halafu basi.

Mimi ni fundi cherehani. Nina elimu ya sekondari na kozi ya ushonaji, basi. Kwa hiyo nilimwomba muuguzi anieleze kwa lugha ya dukani, na kwa kweli alinieleza. Ndani ya ubongo kuna kisehemu kidogo mfano wa lozi, kinaitwa amigdala, ambacho hupiga kengele ya hatari. Mtu akipata kiwewe, kengele hiyo inaweza kuendelea kulia hata pasipo na hatari, na kumwambia "usiogope, uwe na imani" hakuizimi. Kupumua polepole, hasa kutoa pumzi taratibu, husaidia kutuliza mapigo ya moyo. Vidonge huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na kuviacha ghafla kunaweza kumrudisha mgonjwa pabaya. Tena ubongo hubadilika kwa kurudia jambo. Hili la mwisho halikunishangaza. Wiki yangu ya kwanza kwenye cherehani ya miguu, gurudumu lilirudi nyuma na uzi ukakatika kila dakika. Leo nashona huku nabishana na mteja bei.

Wapo wanaosema basi maombi ni mambo ya ubongo tu. Siwafuati. Kujua jinsi sikio linavyosikia hakumfanyi anayekuita asiwepo.

Mdogo wangu nilimsomea 1 Wafalme 19. Eliya amechoka mpaka anaomba afe, amelala chini ya mretemu. Malaika hakumkemea wala hakumpima imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Mungu alimuuliza maswali baadaye sana, huko Horebu.

Siku moja jioni nikamtoa nyumbani, tukaenda Kwihara kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Njia hiyo ndiyo ya misafara: pembe za ndovu na watu walitembezwa kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, wengi wakaishia huku kwetu Unguja. Soko la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na juu yake pakajengwa kanisa kuu la Anglikana, ambamo nami husali Jumapili nyingine. Tumekaa chini ya mwembe, nikawa nawaza kengele za hofu zilizolia katika vichwa vya watu wale, na hakuna aliyewauliza wamelalaje.

Ndipo nikamsimulia habari za Lutindi, kule Usambara. Mwaka 1896 wamisionari Wajerumani walifungua pale makao ya watoto waliookolewa utumwani. Mwaka 1904 yakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo ipo chini ya Walutheri. Yaani watu wa kanisa, zaidi ya miaka 100 iliyopita, walishakubali kwamba akili nayo huumwa na hutibiwa. Sijui ni nani aliyetusahaulisha.

Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo waliomba na kutibu?"

"Waliomba na kutibu."

Amerudi kwa mshauri wake, na daktari amempangia dozi upya. Kikundi cha maombi hajakiacha, ila sasa anakaa karibu na mama mmoja mtu mzima ambaye naye alizika mtoto, na huyo hamhubirii, anamshika mkono tu. Mama yetu bado hajakubaliana nasi kuhusu vidonge, lakini kila saa tatu usiku ndiye anayempelekea maji ya kumezea.