Chumba cha Nyuma ya Cherehani



Kuna biharusi mmoja nilimshonea shela, miaka mitano sasa. Nilimpima miezi miwili kabla ya harusi, kiuno inchi 29. Alipokuja kujaribu nikakuta gauni linampwaya, nikapunguza. Wiki mbili baadaye likapwaya tena. Mara ya tatu zilikuwa zimebaki siku sita kufika nikaha, na kiuno kilikuwa inchi 25. Nilikuwa nimebana pini mdomoni, nimeinama nyuma yake, naihesabu mifupa ya mgongo.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, wewe unakula?" Akaanza kulia pale pale, shela liko mwilini. Akanambia jambo. Alilonambia silisemi hapa wala sitalisema popote. Nilichomjibu ndicho ninachokisema: nilimwambia hiyo ni hofu ya harusi, kila mtu huipata, avumilie, akishaingia ndani itaondoka. Nikamfuta machozi, nikashika mkasi, nikalipunguza gauni.

Ndoa ile haikufika miezi mitano. Kuvunjika kwake siko kulikoniuma, maana talaka Mwenyezi Mungu kaiweka na ina njia yake. Kilichoniuma ni kwamba yule msichana katika watu wote alinichagua mimi, na mimi nikamjibu kwa mkasi.

Fundi wa nguo za kike anaona mengi, wallahi. Mtu anavua buibui mbele yako. Unaona aliyekonda, unaona alama mkononi, unaona anayeshtuka ukimgusa begani na futi. Wengine mama zao hawajawahi kuyaona hayo. Lakini kwenye kozi ya ushoni tulifundishwa kukata na kudarizi, hatukufundishwa la kumwambia mtu anayelia.

Mwenzangu katika kazi hii alianza kama mteja. Kasomea ushauri nasaha chuo kikuu huko Bara, asubuhi ana kazi yake ya mshahara, na jina lake kaniomba nisilitie. Siku moja kaja kuchukua nguo, tukazungumza, akanieleza kwamba alishawahi kukodi chumba mjini na kuweka bango la ushauri mlangoni. Miezi miwili akapata wateja watatu. Mmoja alikuja mara mbili, na mara ya pili alimuuliza kama bango linaweza kuondolewa.

Mimi nilicheka, lakini nilielewa vizuri. Nani hapa Jang'ombe ataingia mlango wenye bango la namna hiyo mchana kweupe, wakati baraza ya jirani imejaa watu? Kabla hujatoka, habari imeshafika Mpendae. Hospitali ya Kidongo Chekundu iko si mbali na kwetu, inasaidia watu, na bado watoto wetu wakigombana wanatishana kupelekana huko. Watoto hao tumewafundisha sisi.

Akanisimulia habari ya Zimbabwe. Daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 kule Mbare, mtaa wa Harare, akiwa na bibi 14. Hakuwa na majengo wala wauguzi wa kutosha, kwa hiyo bibi hao walifundishwa kuwasikiliza watu kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Mwanzoni benchi liliitwa la afya ya akili, na watu hawakuja. Bibi wenyewe wakasema libadilishwe jina, likawa benchi la urafiki, na watu wakaanza kukaa. Mwaka 2016 utafiti wa kazi yao ukachapishwa Marekani, ukionesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Nikamwambia, basi mimi ninalo benchi. Nina duka la ushoni. Hakuna mume wala mama mkwe atakayemuuliza mwanamke kwa nini anakwenda kwa fundi, na fundi anasifika kwa kukuambia urudi wiki ijayo!

Nyuma ya duka nilikuwa na stoo ya vitambaa. Zamu yangu ya upatu ilipofika nikaitoa mizigo, nikapaka rangi, nikatia viti viwili, feni na mlango wa mbao nzito badala ya pazia. Mlango ndio uliokula pesa. Tukajaribu: yeye akakaa ndani akasoma Surat Yasin kwa sauti ya kuzungumza, mimi nikakaa nje. Nikasikia kila neno. Halafu nikakanyaga cherehani, nisisikie kitu. Toka siku ile, mtu akiwa ndani mimi ninashona. Umeme ukikatika nina cherehani ya miguu, na siku nisizokuwa na kazi nashona vipande vya kanga bure bure ili sauti isikatike.

Kazi ni kuanzia baada ya adhuhuri mpaka kabla ya magharibi. Ndani ya daftari hakuna jina, kuna nambari ya nguo tu. Ada ni shilingi 20,000 kwa dakika 50; yeye anachukua 14,000, mimi 6,000 za chumba na umeme. Mwanzo watu walishangaa: elfu ishirini kwa kukaa kuzungumza? Nikawaruhusu walipe kidogo kidogo kama wanavyolipia nguo. Wengine hawajamaliza mpaka leo, na wengine wa nguo pia hawajamaliza. Mwezi wa kwanza walikuja wanne. Sasa hivi wanakuja kumi na moja kwa wiki na tumeanza kuwaambia wengine wasubiri. Sikulipia tangazo hata moja. Wanawake wananong'onezana wenyewe.

Lakini nisiwadanganye, nimepoteza pia. Mama mmoja alimlipia binti yake mara sita kwa mpigo, binti alikuwa na posa. Baada ya mara ya pili akaja, akakaa kitako, akataka kujua mtoto anasema nini. Nikamwambia, "Bimkubwa, mimi sijui, mimi nashona." Akasema basi amwite mshauri. Mshauri akamweleza kwa adabu kwamba maneno ni ya aliyeyasema, hata kama pesa si zake. Mama alikasirika. Akasema yeye ndiye aliyemzaa, siri gani hiyo anayofichwa? Nilimrudishia pesa za mara nne zilizobaki, akaondoka na kitambaa cha sare za watu tisa nilizokuwa nimeshazipima. Mwezi ule kodi niliikopa. Usiku nilijiuliza kama tumemvunjia heshima mzazi, na hilo mpaka leo huwa linanirudia. Lakini nikimpa mama yule maneno ya mwanawe, wote waliobaki kwenye daftari langu siku ya pili hawaji.

Dada zangu wengine wananiuliza upande wa dini. Kulia mbele ya mtu si upungufu wa imani? Mbona hatukimbilii sala na Qur'ani? Tunakimbilia, na mwenzangu hamwambii mtu aache. Lakini Nabii Yakub alayhi salaam alimlilia mwanawe mpaka macho yakawa meupe, naye ni Mtume, nani atasema imani yake ilipungua? Na Surat al-Mujadila, sura ya 58, ilishuka kwa sababu ya mwanamke, Khawla bint Tha'laba, aliyekwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kumlalamikia mumewe. Imepokewa kwamba Bi Aisha alikuwa pembeni ya nyumba ile ile na baadhi ya maneno ya Khawla hakuyasikia, ilhali Mwenyezi Mungu aliyasikia yote. Mimi kila nikikanyaga cherehani huikumbuka ile pembe ya nyumba.

Kwa masomo tulikuwa na kazi zaidi. Somo mmoja wa mtaani alinisimamisha njiani akaniuliza kama nimekuja kumnyang'anya riziki. Ana haki ya kuuliza. Visiwani kwetu somo ndiye mshauri wa tangu na tangu. Bi Kidude, Allah amrehemu, dunia ilimjua kwa taarab lakini hapa alikuwa pia mwalimu wa unyago. Somo anajua singo, anajua kumpokea biharusi na kumwingiza katika maisha mapya, na hayo mshauri wangu hayajui. Shida ni kwamba siku hizi somo mara nyingi ni shoga wa mama, na biharusi anajua atakalosema litarudi nyumbani kabla yake. Tulikaa na yule somo, tukanywa chai, tukakubaliana kila mmoja na lake. Mwaka huu kaniletea mabiharusi wawili yeye mwenyewe, kawaambia wakapime nguo.

Na kuna wasiokuwa wetu. Mtu asiyelala siku nyingi akisikia sauti, au anayesema anataka kujiua, huyo anahitaji daktari, na mshauri anamwambia wazi. Aliyepigwa au kuingiliwa kwa nguvu tunamwelekeza kituo cha Mkono kwa Mkono, Mnazi Mmoja, na wa kesi wanakwenda ZAFELA kwa wanasheria wanawake. Siri yetu inaishia pale roho ya mtu inapokuwa hatarini, na hilo mtu anaambiwa siku ya kwanza, kabla hajafungua mdomo. Mara mbili nimefunga duka nikampeleka mtu Kidongo Chekundu kwa teksi, tukakaa pamoja foleni. Mmoja alijifunika uso njia nzima. Sasa anakunywa dawa zake, na mwezi wa Rajabu nilimshonea nguo ya harusi ya ndugu yake.

Yule biharusi wa inchi 29 nilimtafuta baada ya kufungua chumba. Nilimwomba msamaha, akasema kasamehe zamani, na kuja hakutaka. Mlango wake nimeuacha wazi.

Mwenzangu anataka chumba cha pili na mshauri wa pili, mwenye nyumba anataka kupandisha kodi, na kutoka Pemba wananipigia kuuliza kama inawezekana kwa simu. Bado tunalifikiria hilo, maana simu za majumbani mwetu zinashikwa na kila mtu. Kwa sasa anayetaka aje mwenyewe, baada ya adhuhuri. Aje na kitambaa kama anacho.