Nilimgeuza Mwanafunzi Wangu Kielelezo

Mimi ni mwalimu wa Historia na Uraia hapa Mafia. Kosa ninaloliungama nililitenda kwenye mji wa kale wa Kua, mbele ya kidato cha pili kizima.

Tulivuka kwenda kisiwa cha Juani, yalipo magofu ya mji huo, maji yakiwa yamejaa. Mada ilikuwa watoto wanaokimbizwa makwao na vita vya wenyewe kwa wenyewe, nami niliona magofu ya Kua yatafundisha kuliko ubao. Tukiwa kati ya kuta za jumba na misikiti, niliwasimulia jinsi Wasakalava wa Madagaska walivyouvamia mji ule mwanzoni mwa karne ya 19, wakaua na kuchukua mateka. Nikaongeza kisa cha uhasama wa Kua na mji wa Kisimani Mafia: chombo kilichoshushwa baharini juu ya miili ya watoto wa Kua, kisha harusi ya kisasi ambako wageni wa Kisimani walizibiwa chumbani hadi wakafa.

Hapo nilikuwa nimeshavuruga. Wasakalava walitoka ng'ambo. Vile havikuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kisa cha Kisimani ni masimulizi ya wazee, nami nilikitoa kana kwamba kina ushahidi. Hayo ningeyasahihisha kipindi kinachofuata. Lililofuata halikusahihishika kirahisi.

Darasani mlikuwa na binti ambaye babu yake alikimbia Burundi mwaka 1972. Nililijua hilo kwa sababu baba yake, mtumishi aliyehamishiwa kisiwani, aliniamini akanieleza. Nikamwita mbele. "Watoto wa vita si hadithi za kale," nikasema. "Huyu mwenzenu ni mkimbizi, atueleze."

Akainama. "Mwalimu, mimi nimezaliwa Mpanda."

Wenzake wakaangua kicheko. Hatujarudi Utende tulikovukia, alishapachikwa jina: Mrundi.

Baba yake alikuja shuleni. Hakufoka. "Mwalimu, uraia Serikali imetupa. Wewe umetuvua mbele za watoto."

Sikuwa na jibu. Warundi waliokimbia mwaka ule wa 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima, wakazaa, wakazika. Mwaka 2014 Serikali ilikamilisha kuwapa uraia watu wapatao 162,000, wengi wao wakiwa wazaliwa wa hapa hapa. Mimi, mwalimu wa Uraia, nilimwita mjukuu wao mkimbizi kwa sababu nilitaka somo lisisimue.

Nilimwomba radhi baba, nikamwomba binti, kisha nikasimama mbele ya darasa lile lile nikasema nimekosa. Jina la utani lilififia lakini halikwisha. Binti hakunyoosha tena mkono katika vipindi vyangu.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sikumhitaji. Yaliyo wazi kwa kila mtu yangetosha. Mei 2015 maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka, na meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwa zamu hadi Kigoma. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliofika bila mzazi. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, watoto wa Kikongo walifuata mtaala wa Kongo na wa Kirundi mtaala wa Burundi, wote wakiwa kwenye ardhi ya Tanzania. Ningewauliza wanafunzi wangu: kwa nini mtoto aandaliwe kwa mitihani ya nchi aliyoikimbia? Nani anafaidika, na nani anapoteza? Wangebishana hadi maji yakatupwea, wala pasingekuwa na haja ya kumsimamisha yeyote.

Walimu wenzangu, habari ya kwao mwanafunzi ni amana. Akitaka kuisema mwenyewe, msikilizeni. Asipotaka, fundisheni kwa historia iliyoandikwa. Na kama mmeshamsimamisha mtoto kama nilivyofanya mimi, msimwombe radhi pembeni tu. Mwombeni mbele ya wale wale waliomcheka.